Mabati Ishirini na Nane

Kanisani kwetu orodha ya mabati husomwa Jumapili ya kwanza ya mwezi, baada ya matangazo na kabla ya sadaka, na kwa miaka minne mama yangu hakukosa hata mara moja. Mvua inyeshe, malaria imshike, risasi zilie huko upande wa kambi ya jeshi ya Bilpam tulale sakafuni, asubuhi utamkuta amejifunga lawa yake, ile shuka ya begani, amekaa benchi la tatu upande wa wanawake. Sitadanganya na kusema alifuata mahubiri. Alifuata jina la ndugu yangu.

Mabati yenyewe yalikuwa ya kuezeka wodi ya kujifungulia, ile ambayo shirika letu dogo lilianza kujenga karibu na kanisa. Sisi tuliokulia ukimbizini Kenya na Uganda tulirudi Juba na harambee zetu, na siku ya harambee hii, familia zimekaa pamoja, watu walisimama mmoja mmoja kutoa ahadi kwa sauti. Huyu mabati matano, yule saba. Ndugu yangu alikuwa akipakia mizigo uwanja wa ndege, mshahara wa kuhesabika kwa vidole, lakini alikuwa amevaa viatu vipya na viatu vilimpanda kichwani. Akasimama akasema, mabati arobaini. Nilimfinya paja. Mama alipiga kigelegele mpaka kanisa zima likacheka, na mimi nikasema moyoni, haya, tumekwisha. Alileta kumi, kwa bodaboda, ameyakumbatia mgongoni kwa dereva kama anabeba mlango. Yakabaki thelathini.

Katibu wa kamati ni mwalimu mstaafu aliyefundisha wakimbizi Uganda maisha yake yote, na orodha anaisoma kama anaita majina darasani. Anataja jina, anataja mabati yaliyobaki, kisha ananyamaza mpaka ajibiwe. Kama mwenye jina amesafiri, jamaa yake anamjibia: yupo. Kama amekufa, jamaa haitiki. Anatoka kwenye benchi, anatembea mpaka mbele, anaweka dole gumba kwenye daftari la mwalimu, na tangu hapo ahadi ile ni yake, inasomwa kwa jina lake. Hakuna aliyetuamuru tufanye hivyo. Ilianza tu, ikawa desturi yetu, kwa sababu wengi wetu hapa tuna watu ambao hatukuwahi kuwazika kwa mikono yetu. Kutembea kule mbele ndiyo mazishi. Ukishaweka dole, watu wanakuja nyumbani kwako na sukari na majani ya chai, na wewe unalia kihalali.

Ndugu yangu alipanda lori la mizigo kwenda Bor, kumsaidia rafiki yake kupeleka unga. Lori lilikutwa kando ya barabara, turubai limechanwa, unga hakuna. Dereva alikutwa amekufa. Ndugu yangu hakukutwa, mzima wala maiti. Wajomba zangu walikuja mara tatu kumwambia mama tukae matanga, mambo kalas, yameisha. Mama aliwapikia, akawanawisha mikono, akawauliza nani kati yao amemwona mwanawe amelala chini. Walikula wakaondoka. Na kila Jumapili ya kwanza mwalimu alisoma jina, akasema thelathini, na mama akajibu kutoka benchi la tatu, kwa sauti ya mtu anayejibu hodi: yupo.

Mimi ndiye ninayechapisha orodha hiyo. Hiyo ndiyo kazi yangu kwenye shirika, kutunza kumbukumbu za wafadhili kwenye kompyuta. Kila mtu aliyeahidi kitu ana ukurasa wake: ameahidi nini, ametoa nini, amebakiza nini. Mwisho wa mwezi nabonyeza, karatasi zinatoka, nampelekea mwalimu. Ni kazi ya vumbi kuliko watu wanavyofikiri, kwa sababu stakabadhi za zamani zimo kwenye maboksi stoo, na mimi kifua changu hakitaki vumbi. Nina pumu tangu utoto. Kule kambini Kenya mama alikuwa ananiegemeza kifuani mwake usiku na mchana, anahesabu pumzi zangu. Nikishikwa, pumzi yangu inapiga mluzi mwembamba na kukatika mara mbili kabla ya kutoka. Mama anaujua mluzi huo kuliko anavyoijua sura yangu.

Basi mwaka huu wakaguzi wakaja. Walikaa siku mbili, wakanywa soda zetu, wakasema vitabu vyetu vinadanganya. Tunaonyesha ahadi nyingi kana kwamba zitalipwa, na hazitalipwa. Wafadhili wa nje hawatatupa fedha za kumalizia paa mpaka tufute kila ahadi ambayo haijapata malipo yoyote kwa miaka miwili. Mkuu wangu wa hesabu, Mganda mmoja mpole asiyejua kupandisha sauti, aliniletea maagizo hayo mezani akiwa ameyashika kwa mikono miwili.

"Dada, mimi naelewa," aliniambia. "Lakini hii vitabu lazima iko safi. Wewe iko na mpaka Ijumaa."

Alikuwa anajua habari za ndugu yangu. Ofisi nzima ilijua. Nilichukua karatasi nikamwambia sawa, kwa ukali ambao hakustahili.

Kompyuta haikubali kufuta ahadi bila sababu. Inakufungulia vijisanduku vinne: amefariki, amekataa, amefilisika, amehama. Kwa siku mbili nilifuta watu. Yule mwenye duka la vipuri soko la Custom aliyerudi kwao Kampala, amehama. Yule aliyenitukania mama kwenye simu, amekataa, na huyo nilimfuta kwa raha. Wengine nilikaa nao. Kulikuwa na mjane aliyeahidi bati moja, moja tu, akashindwa, na nilipombonyezea amefilisika nilijiona mshenzi. Lakini nilikuwa nazunguka tu. Kila nikimaliza mmoja jicho linarudi pale pale, kwenye ukurasa wa ndugu yangu, na picha yake ndogo pembeni anayocheka na meno yote nje.

Niliwaza mpaka nikachoka. Nikimfuta, karatasi itatoka bila jina lake. Mwalimu atamsoma mwenye bucha, halafu ataruka moja kwa moja kwa mama muuza maharage, na mama yangu atakaa pale benchi la tatu na neno lake mdomoni. Nikasema basi nikope popote, nilipe yote thelathini. Lakini aliyemaliza husomwa mara moja, akapigiwa makofi, akatoka kwenye orodha moja kwa moja. Kumbe hata kulipa ni kumtoa. Nihamishie ahadi kwangu? Hapo lazima mtu wa familia atembee mbele aweke dole, na nani wa kumwambia mama hivyo? Mimi? Wajomba watatu wazima wameshindwa. Haki ya Mungu, nilitamani ndugu yangu atokee mlangoni nimzabe kofi kwa yale mabati arobaini, kisha nimkumbatie.

Ikabaki njia moja. Ahadi iliyopata malipo ndani ya miaka hiyo miwili, hata kidogo, haiguswi. Nilikuwa nimeweka pesa ya dawa yangu ya kuvuta, ile ya kifua, na ilitosha mabati mawili. Nina laini mbili za simu kama watu wengi hapa, na ya pili huitumia mara chache. Mama haijui na ofisini hawaijui. Alhamisi mchana nilituma pesa kwa laini hiyo, nikaingiza malipo kwenye ukurasa wa ndugu yangu, na kompyuta ikambadilisha rangi kutoka nyekundu kuwa kijani. Nikashusha pumzi. Nilijiona mjanja. Nilikuwa nimempa mama miaka mingine miwili ya kujibu yupo, na nilifurahi hivyo mpaka Jumapili, mjinga mimi.

Kwa sababu mwalimu hasomi jina tu. Anasoma na yaliyobaki. Nilikuwa nachapisha karatasi hizo miezi yote, nazijua nje ndani, na jambo hilo lilinipita.

Alisoma mwenye bucha. Akasoma jina la ndugu yangu. Akasema, mabati ishirini na nane. Akanyamaza kusubiri.

Mama hakujibu. Nilimwona kutoka nyuma, shingo yake imekakamaa. Kisha akasimama, jambo ambalo hakuna anayefanya wakati wa orodha.

"Mwalimu, rudia," alisema.

Mwalimu alishusha miwani, akaangalia karatasi, akarudia: ishirini na nane. Wale wote waliomsikia akisoma thelathini miaka minne walikuwa wanafanya hesabu ile ile, mmoja mmoja, na mimi nikawa naiona inafika usoni kwao. Mabati mawili yamelipwa. Nani amelipa?

"Yupo," mama alisema, na safari hii hakuwa anajibu hodi. Alipiga kigelegele kama cha siku ile ya viatu vipya. Wanawake wakamrukia, ngoma ikapigwa bila kuagizwa, mchungaji mwenyewe akasahau sadaka. Watu walinishika mikono wakinipongeza. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilikuwa nimetaka kumwachia mama jina, na nimempa mtu mzima, hai, mwenye simu na pesa mfukoni.

Jumapili hiyo hakukaa chini. Alitoa godoro la ndugu yangu nje, akalipiga vumbi, akalianika juu ya ua. Alifua shati lake ambalo mimi nimelivalia nyumbani miaka yote. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nikimtazama, na mara nne nilifungua mdomo. Mara ya nne akaniuliza kama nina njaa. Nikasema ndiyo.

Jumatatu saa nne asubuhi alikuja ofisini. Hakuwahi kuja ofisini. Alipita mezani kwangu kama hanioni, akaenda kwa Mganda, akamsalimia kwa heshima zote, akamwambia anataka kujua mwanawe amelipia kutoka wapi. Mganda wa watu alifurahi. Kwake yeye mfadhili aliyepotea akipatikana ni sikukuu. Alifungua ukurasa, akasoma, akamwambia pesa imetoka kwa simu, na namba iko hapa. Nilisimama nikasema hizo ni siri za wafadhili, haturuhusiwi. Aliniangalia kama nimepungukiwa na akili.

"Dada, hii ni mama yake," akasema, akaiandika namba kwenye kipande cha karatasi, kwa tarakimu kubwa.

Mama alikunja karatasi, akaibana kwenye fundo la lawa, akatoka. Nje ya geti letu kuna mwanamke anayeuza vocha chini ya mwavuli, na kwa malipo kidogo anawapigia simu watu wasiojua tarakimu. Mama hajui tarakimu. Nilichukua mkoba wangu nikaingia stoo, kwa maboksi, nikafunga mlango. Kuna dirisha la waya kule, na kwa dirisha hilo nilimwona mama amesimama chini ya mwavuli, amenipa mgongo, karatasi mkononi. Nilikuwa na nafasi ya kuizima ile laini. Kidole kilikuwa juu ya kitufe kabisa. Lakini nikaona mama akisikia kwamba mwanawe hapatikani, siku moja tu baada ya kuanika godoro lake, na mkono ukakataa.

Simu ikatetemeka. Iliita mara tano, sita. Nikapokea.

"Mwanangu," mama alisema. "Ni mama."

Niliziba mdomo kwa kiganja. Machozi yalikuwa yanashuka na vumbi la stoo lilikuwa limeshaingia kifuani.

"Kama huwezi kuongea, usiongee," akasema. "Labda upo na watu wabaya. Pumua tu. Pumua nisikie."

Nikapumua. Nilijitahidi iwe pumzi ya mwanamume, nzito, ya chini. Ikatoka kama inavyotoka siku zote, nyembamba, ya mluzi, ikakatika mara mbili. Kupitia dirisha nilimwona mama akishika nguzo ya mwavuli kwa mkono mwingine. Muuza vocha alimtazama. Nikapumua tena kwa sababu sikuwa na la kufanya, na yeye akawa anasikiliza, kichwa ameinamisha, sijui muda gani.

"Haya," alisema mwishoni, taratibu. "Nimesikia."

Akarudisha simu, akalipa, akashika njia. Hakugeuka kutazama ofisi.

Mwezi uliofuata ulinikondesha. Sikujua amesikia nini. Nilifika nyumbani siku ile nikakuta godoro limerudishwa ndani, limefunikwa kama zamani, na shati limekunjwa juu ya kiti changu. Hakuniuliza kitu. Majirani walipokuja kuuliza habari za mwanawe alisema mafi, hakuna mpya, akawaongezea chai. Mimi nilikuwa nakohoa na dawa sina, na kila nikikohoa naenda kukohoa nje, nyuma ya choo, kama mwizi. Nilikuwa nikiapa kila asubuhi kwamba leo namwambia, na kila jioni nalala na kiapo changu. Aibu hiyo sijui nitaipeleka wapi.

Jumapili ya kwanza ikafika. Mwalimu akamsoma mwenye bucha. Akasoma jina la ndugu yangu, ishirini na nane, akanyamaza. Watu wote waligeuka kumtazama mama wakiwa wameshaanza kutabasamu, mikono tayari kwa makofi.

Mama alisimama. Akatoka kwenye benchi la tatu, akapita mbele ya magoti ya wanawake wenzake akiwaomba radhi mmoja mmoja, malesh, malesh, akatembea mpaka kwa mwalimu. Mwalimu alirudi nyuma hatua moja. Alimuuliza kitu kwa sauti ya chini, nadhani alimuuliza kama amekosea, na mama akatikisa kichwa. Akapaka dole gumba wino. Akaliweka kwenye daftari, akaliacha pale muda mrefu kuliko inavyohitajika. Hakuna aliyepiga makofi. Mwanamke mmoja wa nyuma ndiye aliyeanza kulia, kisha kanisa zima.

Watu walijaa kwetu na sukari na majani ya chai. Wajomba walikuja, na safari hii walilia wao. Mama alilia kihalali, kwa sauti, miaka minne yote. Mimi nilipika, nikagawa vikombe, sikumkaribia.

Asubuhi ya Jumatatu nilipokuwa navaa viatu niende kazini alinifuata mlangoni. Macho yalikuwa yamevimba. Alinishika mkono, akanikunjulia kiganja, akaniwekea noti alizozifunga kwa uzi, sehemu ya rambirambi za watu.

"Mabati yaliyobaki ni yangu sasa, usiyaguse," alisema. "Hii nunua dawa ya kifua. Nilikusikia."

Nilimwambia mama nisamehe, nikasema maneno mengine ambayo hata mimi sikuyaelewa. Aliniegemeza kifuani mwake pale mlangoni, nikiwa na nguo zangu za kazi, akasubiri mpaka pumzi yangu ikakaa sawa, akanisukuma taratibu niende.

Ofisini nilifungua ukurasa wa ndugu yangu. Nilihamisha mabati ishirini na nane kwenda kwa jina la mama. Vijisanduku vikafunguka, nikachagua cha kwanza, amefariki. Kompyuta ikaniuliza kama nina hakika. Sikuwa nayo, sina hata leo, hakuna aliyemwona amelala chini. Nikabonyeza ndiyo, nikalaza kichwa mezani, na Mganda akatoka na kuufunga mlango kwa nje ili mtu asiingie.